Laptopu ya chama: ilikufa namna gani, na tuliiamsha namna gani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Mulongwe. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.)

 

Komite ilituomba tuzungumze juu ya namna ya kutengeneza laptopu ya zamani nyumbani. Tulitaka kukataa. Sisi si mafundi. Sisi ni watu wa tereni, kazi yetu ni pikipiki, orodha na ripoti, na chuo kikuu hakikutufundisha kushika turnevisi. Lakini hata mtoto hapa anajua komite ilikuwa inafikiria laptopu gani. Basi tuiseme hiyo moja, maana wengi mliisikia kwa vipande, huyu kisimani, yule kanisani, na vipande vingine havikuwa vya kweli. Tutasema pia mahali ambapo sisi wenyewe tulikosa, na si padogo.

Mashini yenyewe mnaijua. Ni nyeusi, nzito kama tofali, ilitoka Ulaya ikiwa imeshatumika ofisini huko, na bado ina kile kibandiko cha Windows 7. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, Mama mweka hazina alitoka nayo kichwani, imefungwa kwenye kitenge na mfuko wa plastiki. Magodoro aliyaacha. Tunaanza na hilo ili kila mmoja alikumbuke tunapoendelea.

Ndani yake kulikuwa na nini? Orodha ya wanachama wote. Michango ya kila mwezi. Kasha la matanga, nani alipewa na lini. Picha za karatasi za kurudi, za wale waliopanda mashua kutoka Kigoma hadi Baraka kuanzia mwaka 2005, na za wale waliorudi kupitia Burundi. Vyeti vya shule vya watoto waliosomea Nyarugusu na Lugufu; Lugufu ilishafungwa, ukipoteza cheti chake hujui utamwuliza nani. Vyote hivyo vilikuwa kwenye mashini moja, ndani ya nyumba moja, bila kopi. Nani aliyeruhusu hali hiyo? Sisi tuliruhusu. Tulikuwa tunapita kila mwezi, tunaangalia orodha, tunapiga picha kwa ajili ya ripoti, tunaenda zetu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Batri kubwa ya laptopu ile ilikuwa imekufa zamani, mashini ilikuwa inaishi kwa chaja tu. Umeme wa Uvira unatoka Ruzizi, kwenye mabwawa yale ya huko juu, la kwanza la wakati wa ukoloni, la pili la mwaka 1989 ambalo tunalitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Umeme unakuja, unaondoka, mnaishi nao. Kila ulipokatika, mashini ilizima palepale. Kila uliporudi, iliamka na maneno meupe kwenye kioo cheusi, ikangoja. Mtoto wa ndugu yake alimwambia Mama: "Bonyeza F1, itaendelea." Akabonyeza, ikaendelea. Alibonyeza F1 miezi na miezi, kama mtu anayesukuma kwa bega mlango uliovimba kwa mvua: ukishaingia, unausahau.

Yale maneno meupe hakuna aliyeyasoma. Hata sisi tuliyaona mara mbili tatu, na tulisoma shule.

Kisha komite ikataka orodha ichapishwe kwenye karatasi. Mama alitia faili kwenye flashi, akampa kijana mmoja wa chama, mwanafunzi, aipeleke kwenye kibanda cha fotokopi. Kijana ana macho. Aliona mistari mingi ya michango ina tarehe ya Januari 2010. Akaangalia faili lenyewe liliandikwa lini: Januari 2010. Na chama hiki, mwaka 2010, kilikuwa hakijazaliwa.

Hatumlaumu. Aliona kitu, akakisema kwa komite, njo kazi ya mwanachama. Lakini neno likitoka mdomoni linatembea lenyewe. Wiki moja baadaye lilikuwa limefika Kavimvira: orodha imebadilishwa, trezoriye anaandika michango ya uongo na tarehe za uongo. Na wiki hiyohiyo laptopu ikafa kabisa. Haikuwaka tena, hata taa. Mnaweza kukumbuka kilichosemwa. "Ameiua yeye mwenyewe."

Na wakati huo huo msiba ukaingia kwa familia moja ya Kasenga. Sheria yetu inasema mtu asaidiwe kama amelipa miezi mitatu mfululizo. Familia ilisema imelipa, lakini risiti hazikuonekana. Orodha ilikuwa ndani ya mashini iliyokufa, na hata ingekuwa hai, nani angeiamini? Komite ikasema tungoje. Walizika kwa deni.

Hapo njo tuliitwa.

Tulifanya kama wengi wangefanya: tuliibeba mashini mpaka kwa fundi mmoja mjini. Hatutamtaja, na hatusemi alikuwa mwizi. Aliibonyeza mara mbili, akasema karti-meri imeungua, yaani ule ubao mkubwa wa ndani, itakuwa dola 120, na mashini ibaki kwake wiki mbili. Hakuifungua. Hakuuliza hata chaja iko wapi. Tulikuwa karibu kukubali, kwa sababu mtu asiyejua akiambiwa bei kubwa anafikiri ameambiwa ukweli mkubwa.

Kilichotuzuia si ujuzi, ni hofu. Mle ndani kuna majina ya watu, kijiji ambako kila mmoja alitoka, alikimbilia wapi, na leo analala avenu gani. Ninyi mnajua miaka tuliyopita katika Uvira hii na milima yake. Orodha kama hiyo haiachwi juu ya meza ya mtu usiyemjua, usiku kumi na nne. Kwa hiyo neno la kwanza la ufundi ambalo tungependa mlishike ni hili: kabla mashini haijaenda kwa fundi wa nje, toa diski. Diski ni kile kisanduku bapa chenye ukubwa wa pakiti ya karata, mara nyingi kinashikwa na skurubu mbili au nne chini ya mfuniko wake. Fundi hahitaji diski yako ili kujua kama mashini inawaka. Akikuambia anaihitaji, mwulize kwa nini.

Tukairudisha mashini nyumbani. Kati ya wanachama tuna baba mmoja aliyejifunza kutengeneza redio na simu kambini Nyarugusu, chini ya turubai, na leo anafanya kazi hiyo hapa karibu na soko. Alisema hajafungua laptopu nyingi, lakini umeme ni umeme. Komite ikaweka masharti: ifunguliwe nyumbani kwa Mama, mchana, mbele ya mashahidi watatu. Shahidi mmoja awe yule kijana. Tuliona ni ukatili kidogo. Baadaye tuliona wazee walijua walichokuwa wanafanya.

Siku ya kufungua, kulitokea kwanza ubishi wa majina. Fundi alisema bisibisi, Kitanzania chake. Kijana, ambaye hakuwahi kutoka Uvira, alisema turnevisi. Mama jirani alisema "kile chuma". Kilikuwa kimoja, chenye ncha ndogo ya msalaba, na kilitosha kwa kazi yote. Mama alikuwa ametoka kuanika ndagala, akaombwa anawe mikono kwa sabuni, maana mafuta ya samaki hayapatani na shaba. Kila mtu aligusa chuma cha dirisha kabla ya kugusa mashini, ili ule umeme mdogo wa mwili, usiouona, usiingie kwenye vipande laini vya ndani. Fundi alichukua karatoni, akachora juu yake umbo la mgongo wa laptopu, na kila skurubu iliyotoka aliichomeka palepale ilipotoka. Tulidhani ni madaha. Akatuonyesha: skurubu hazilingani, na ile ndefu ukiirudisha kwenye tundu la ile fupi, inatoboa ubao. Hapo ndipo karti-meri inaungua kweli.

Kitu cha kwanza alichotoa ni diski. Mwalimu mmoja alituazima waya wa kuunganisha diski kama hiyo na USB ya kompyuta nyingine. Tukaichomeka kwenye kompyuta yetu ya kazi, tukangoja. Tunakumbuka kimya kile. Diski ikaanza kuzunguka, mafaili yakajitokeza. Yote. Orodha nzima ya michango haikufika hata megabaiti moja. Picha za karatasi njo zilikuwa nzito. Tulinakili kwenye flashi mbili mpya, moja ikafungwa kwenye bahasha mbele ya mashahidi na kutiwa sahihi, ikaenda kwa prezida. Ya pili ilibaki mezani. Tangu dakika hiyo laptopu yenyewe ilikuwa sanduku tupu. Ingeweza kufa tena, tusingelia.

Kiisha tukatafuta ugonjwa. Chaja ilikuwa na taa yake inawaka vizuri, na taa hiyo njo iliyodanganya watu wote. Fundi alichukua multimetre, akagusa ile ncha inayoingia kwenye laptopu: volti 19.5, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Akapinda waya kidogo karibu na ncha: sifuri. Akaunyoosha: 19.5. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, mahali ambapo kila siku ulikuwa unakunjwa ili uingie kwenye mfuko. Chaja ile mafundi wengi wangeisifu kwa ajili ya taa.

Tukaazima chaja nyingine. Hapa sikilizeni, kwa sababu watu wanaunguza mashini hapa. Namba ya volti lazima iwe ileile, au karibu sana. Namba ya ampea iwe ileile au kubwa zaidi. Ikiwa ndogo, chaja inachemka, au mashini inawaka na kuzima. Ncha kuingia kwenye tundu si ushahidi wa chochote.

Kabla ya kuijaribu, alitoa batri kubwa iliyokufa, akabonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia nusu dakika bila umeme wowote, ili mabaki ya umeme yaliyolala ndani yamalizike. Halafu chaja. Taa ikawaka. Feni ikazunguka sekunde chache, ikanyamaza, ikazunguka tena, ikanyamaza. Kioo cheusi. Wote tukashusha mabega, lakini fundi alitabasamu. Akasema mashini iliyokufa haipumui. Hii inapumua, inatafuta kitu na haikioni.

Kitu hicho mara nyingi ni bareti za memori, vile vibao vidogo vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Zilikuwa mbili. Alizitoa, na meno yalikuwa na ukungu mweusi, kazi ya vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa. Akaomba gomu ya kufutia ya mtoto wa shule. Alisugua meno yale polepole upande huu na upande huu, akayapangusa kwa kitambaa kikavu, akarudisha bareti moja tu. Ikiwa haikubali, alisema, tutajaribu nyingine, au tundu lingine, mpaka tujue mgonjwa ni nani. Haikuhitajika. Mashini ililia mlio mmoja mfupi na kioo kikawa na mwanga.

Gomu ya franga mia chache. Turudishe akili kwenye zile dola 120, halafu tuendelee.

Kioo kiliwaka na yale maneno meupe. Mama alinyoosha kidole kwenye F1 kwa mazoea. Fundi akamshika mkono: "Ngoja, Mama. Tusome kwanza." Akamwomba kijana asome, kwa kuwa ana macho mazuri. Kijana akasoma kwa sauti, akatafsiri polepole: saa na tarehe hazikuwekwa. Halafu chini yake, tarehe ambayo mashini ilikuwa inadhani ni leo: 1 Januari 2010.

Ndani ya kila laptopu ya namna ile kuna batri nyingine, ndogo, duara kama sarafu. Kazi yake kubwa ni kulinda saa wakati mashini haina umeme mwingine. Ikiwa mpya ina volti 3. Fundi aliipima yetu: 1.4. Sasa unganisheni wenyewe. Batri kubwa imekufa, sarafu imechoka, umeme unakatika: saa haina wa kuilinda, inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Na Mama hana intaneti nyumbani ya kuisahihisha. Kwa hiyo kila baada ya kukatika umeme, kwa mashini ile, ilikuwa mwaka mpya wa 2010. Kila faili alilolihifadhi lilipigwa muhuri wa tarehe hiyo.

Lakini tarehe zilizo kwenye mistari ya michango, je? Si alizandika Mama kwa mkono wake? Hapana. Na hapa tunafika kwenye kosa letu. Wakati wa mafunzo, ni sisi tuliomfundisha ujanja wa kubonyeza vitufe viwili pamoja ili tarehe ya leo ijiandike yenyewe. Tulijivuna nao. Tulisema utampunguzia makosa. Hatukumfundisha kuangalia, pale pembeni chini ya kioo, kama mashini inajua leo ni lini.

Kijana hakusema kitu. Alitoka nje. Tulifikiri ameona haya akaenda kwao. Baada ya robo saa alirudi na batri ndogo mpya, aliyoinunua kwa feza yake, akaiweka mezani mbele ya Mama. Fundi akaibadilisha, tukarekebisha saa, tukazima, tukachomoa kila kitu, tukanywa chai, tukawasha tena. Tarehe ilikuwa ya siku ile.

Bado orodha ilihitaji kuaminiwa. Mashini iliyopona haikuthibitisha kwamba mchango wa fulani ulilipwa. Hapo Mama alisimama, akaingia chumbani, akatoka na kaye ya mistari, ile ya wanafunzi, imefunikwa na karatasi ya gazeti. Michango yote ilikuwa mle, kwa kalamu, na tarehe za kweli, na sahihi au alama ya kidole ya kila aliyelipa.

Tunawaambieni bila kujificha: tulikuwa tumemwambia aiache kaye ile. Tulisema ni kazi mara mbili, sasa tuko kwenye kompyuta. Aliitikia "ndiyo", kama tunavyoitikia watu wa ONG, na akaendelea kuandika usiku.

Tulikaa hadi jioni tukilinganisha mstari kwa mstari, kijana akisoma kaye, sisi tukifuata kwenye kioo. Yalitoka makosa mawili. Mchango mmoja uliotumwa kwa simu ulikuwa kwenye kaye lakini haukuingizwa kwenye mashini. Na mchango mwingine ulikuwa umeingizwa mara mbili; tulipoangalia, ulikuwa ni mfano tuliouandika sisi siku ya mafunzo na kusahau kuufuta. Zaidi ya hayo, hesabu zililingana. Familia ya Kasenga ilikuwa imelipa, si miezi mitatu, mitano. Wazee wawili wa komite walipeleka msaada siku iliyofuata, siku 12 baada ya maziko. Riba ya lile deni la sanduku familia ililipa yenyewe. Hilo hatukuweza kulirudisha.

Sasa maswali ambayo mmetuuliza njiani, tuyajibu haraka.

Laptopu iliyonyeshewa au kuingia maji: usiiwashe kuangalia kama ni nzima. Hapo njo inauliwa. Toa chaja, toa batri, ilaze imepinduka, ifunguliwe, ikauke siku mbili tatu kivulini. Mchele mnaouweka kwenye simu, pikeni mle.

Inawaka lakini kioo ni cheusi: washa tochi ya simu, imulike kioo kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, mashini ni nzima, mwanga wa nyuma ya kioo ndio umekufa. Unaweza pia kuiunganisha na televisheni.

Inachemka na kuzima: vumbi. Yetu ilikuwa na vumbi zito kama pamba mbele ya feni. Izuie feni kwa kijiti unapopuliza, isizunguke ovyo. Na kuna anayesema dawa ya meno inafaa badala ya ile pati nyeupe inayokaa kati ya chuma na kipande kinachochemka. Haifai. Inakauka, na utabaki na laptopu yenye harufu nzuri.

Batri iliyovimba ni jambo jingine, na hapo hatucheki. Ukiona mgongo wa laptopu umeinuka au klavie imefura, usiendelee kuichaji, usiitoboe, usiibane, usiitupe motoni. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto. Wala usiitupe ziwani. Maji yale tunayanywa na samaki wale tunawala. Yetu iliyokufa iko kwenye kopo nyuma ya biro, na tunaendelea kutafuta njia ya kuitoa vizuri. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na hata robo yake haikukusanywa inavyotakiwa, kwa hiyo tusidhani wengine wameshaweza.

Mashini ilipokuwa wazi, fundi alituonyesha bati linaloshikilia vipande kwenye ubao, na vidonge vidogo vya tantali, inayotoka kwenye koltani. Madini ya namna hiyo yanachimbwa kwenye milima ya Kivu hii. Mama akasema: "Kumbe nayo ilikimbia, sasa imerudi." Tulicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kwa marafiki wa mbali. Mlituandikia kwamba mko tayari kutuma laptopu mpya. Tunashukuru sana, na siku moja tutaihitaji, kwa sababu Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tangu Januari 2020, ndiyo maana ile yetu hatuiunganishi na intaneti. Lakini kama mnaweza kuchagua, kwa mwaka huu tungeomba vitu vidogo: multimetre mbili, turnevisi za ncha ndogo, waya wa diski na USB wa kwetu wenyewe, flashi za akiba, na pakiti ya zile batri za sarafu. Na chaja yenye volti 19.5, maana ile tuliyonayo bado ni ya kuazima. Baba fundi amekubali kufundisha vijana sita, Jumamosi, na yule kijana wa fotokopi ameshajiandikisha wa kwanza.

Kwa upande wetu tumebadilisha mambo matatu katika ziara zetu. Tunauliza kopi ziko wapi kabla ya kuuliza ripoti. Tunasoma kila kinachoandikwa kioo kinapoamka. Na hatumwambii mtu tena aache kaye yake.

Komite imepanga kwamba michango ya miezi yote isomwe leo hadharani, mbele ya kila mmoja. Haitasomwa kwenye laptopu. Mama mweka hazina, karibu mbele, na uje nayo.